Pua ya Mama, Tumbo la Mtoto: Jinsi Kondoo na Mwanawe Wanavyojuana

Mfugaji wa Igunga au Nzega, mkoani Tabora, akiulizwa ni kitu gani kinachomfunga mwanakondoo kwa mama yake, aghalabu atajibu kwa neno moja: maziwa. Mtoto humfuata anayemnyonyesha, na mama humtunza anayemnyonya. Jibu hilo ni sahihi kwa upande mmoja tu. Kwa mtoto, maziwa ya kwanza kweli ndiyo yanayojenga mapenzi yake kwa mama, tena kwa njia ambayo watafiti wameifuatilia hadi ndani ya utumbo. Kwa mama hali ni tofauti kabisa, kwa sababu yeye huwa amekwisha kuvutwa na mtoto kabla tone la kwanza halijatoka kwenye chuchu, na kinachomfunga ni tendo la kuzaa lenyewe pamoja na harufu. Hizi ni njia mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti, na mengi yanayoharibika zizini katika siku ya kwanza huharibika kwa sababu mtu ameshughulikia upande wa mtoto wakati tatizo liko kwa mama, au kinyume chake.

Kwanza ifahamike kwa nini kondoo ana haraka kiasi hiki. Mtoto wa mbuzi, katika siku zake za mwanzo, hulala mafichoni kwenye majani au kando ya kichaka wakati mama yake anakula, na mama hurudi kumnyonyesha. Mwanakondoo hana desturi hiyo. Yeye ni mfuataji: ndani ya nusu saa hivi tangu azaliwe huwa anajaribu kusimama, ndani ya saa moja au mbili mwanakondoo mwenye afya huwa ameipata chuchu, na baada ya siku chache anatembea na kundi. Kundi hilo lina majike wengine wa rangi ileile na sauti zinazokaribiana, na katika sehemu nyingi za Tabora kondoo huchungwa pamoja na mbuzi na ng'ombe, hivyo msongamano unakuwa mkubwa zaidi. Kondoo jike, tofauti na wanyama wengi tunaowafuga, hamvumilii mtoto asiye wake; anapomkaribia kiwele humpiga kichwa na kumsukuma mbali. Mwanakondoo asiyeweza kumpata mama yake katikati ya kundi hana wa kumwonea huruma, na kwa hiyo ni lazima mama na mtoto wajuane mapema mno.

Upande wa mama huanza kabla mtoto hajatoka. Karibu na mwisho wa mimba, ambayo kwa kondoo huchukua siku 147 hadi 150 hivi, homoni ya projesteroni hushuka na estrojeni hupanda, na mabadiliko hayo huuandaa ubongo. Hata hivyo maandalizi peke yake hayatoshi. Kinachowasha upendo wa mama ni ule mnyoosho wa njia ya uzazi wakati kichwa na mabega ya mtoto vinapopita, kwa sababu neva za sehemu hiyo hupeleka taarifa kwenye ubongo, na ubongo hutoa homoni ya oksitosini ndani yake wenyewe, si katika damu pekee. Mwaka 1983 kundi la watafiti waliokuwemo Barry Keverne wa Uingereza na Wafaransa Frédéric Lévy na Pascal Poindron lilionyesha kwamba kondoo asiye na mimba, akipewa kwanza homoni za kumwandaa, kisha njia yake ya uzazi ikasisimuliwa kwa mkono kwa dakika chache, huanza kumlamba na kumkaribisha mwanakondoo mgeni. La kushangaza zaidi ni kwamba hata mama aliyekwisha kuzaa na kumzoea mtoto wake aliweza, baada ya kusisimuliwa hivyo, kumpokea na mtoto mwingine. Baadaye Keith Kendrick na wenzake walipata matokeo ya namna hiyo kwa kuingiza oksitosini moja kwa moja kwenye ubongo. Na ushahidi wa kinyume pia upo: kondoo wanaozaa kwa mara ya kwanza, wakipewa ganzi ya mgongoni inayozima hisia za njia ya uzazi, wengi wao hawamjali mtoto aliyetoka.

Tuzingatie kwamba katika majaribio hayo yote hakuna maziwa yanayotajwa. Mama hapendi kwa sababu amenyonywa.

Jambo la pili kwa mama ni pua. Kondoo ambaye hayuko karibu na kuzaa huchukizwa na maji ya uzazi; akiyakuta kwenye majani au kwenye chakula hugeuza kichwa na kuondoka. Katika saa za kuzaa chuki hiyo hugeuka kuwa hamu. Huyatafuta yalipomwagika ardhini, hukwaruza mahali hapo kwa kwato, hunusa, hulamba, na mtoto anapotoka akiwa ameloa maji hayohayo humlamba kuanzia kichwani huku akitoa ule mlio wa chini, wa kifuani, ambao karibu kamwe hautoi wakati mwingine. Kulamba huko kunamkausha mtoto na kumwamsha, lakini pia ndiko kunakomfundisha mama harufu ya mtoto huyu mmoja. Mwaka 1992 Kendrick, Lévy na Keverne walieleza walichokiona katika sehemu ya ubongo wa kondoo inayopokea harufu: kabla ya kuzaa, chembe za neva za sehemu hiyo zilikuwa zikiitikia zaidi harufu za chakula, na baada ya kuzaa nyingi zilianza kuitikia harufu ya wanakondoo, baadhi yake zikiitikia zaidi harufu ya mtoto wake mwenyewe kuliko ya mwingine. Kuzaa, kwa maneno mengine, hubadilisha kile ambacho pua ya kondoo inakiona kuwa cha maana.

Kazi hiyo ya kukariri harufu huenda kwa kasi. Kwa kondoo wengi saa mbili za kumlamba na kumnusa mtoto zinatosha kumfanya amkubali huyo na kumkataa kila mwingine. Lakini utayari wenyewe haudumu ukikosa mtoto wa kuulisha. Mama akinyang'anywa mtoto mara tu anapozaa, kabla hajamlamba, hamu yake huanza kufifia ndani ya saa chache, na baada ya nusu siku au zaidi walio wengi humkataa mtoto wanaporudishiwa, hata kama ni wa tumbo lao. Mama aliyekwisha kukaa naye siku nzima ni tofauti, kwa kuwa anaweza kutenganishwa naye kwa saa nyingi na bado akampokea. Kwa mbuzi jambo linalofanana na hilo lilionekana mapema zaidi: mwaka 1964 Peter Klopfer na wenzake nchini Marekani waliripoti kwamba dakika 5 tu za kukaa na mtoto baada ya kuzaa zilitosha kumfanya mbuzi ampokee baada ya kutenganishwa naye kwa saa moja hadi tatu, na kwamba wale walionyimwa dakika hizo walikataa.

Kuna mazoea mawili ninayoyaona kuwa na madhara kuliko watu wanavyodhani, na yote mawili yanatokana na nia njema. La kwanza ni kumwosha mtoto, au kumpangusa kwa kitambaa hadi akauke kabisa, kwa kuwa anaonekana mchafu. Lévy na Poindron walilijaribu jambo hilo miaka ya 1980. Kondoo wenye uzoefu wa kuzaa, walipopewa watoto wao wakiwa wameoshwa, waliwalamba kidogo lakini wengi waliwakubali. Wale waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza waliwakataa kwa wingi. Ni kweli kwamba kamasi inayoziba pua na mdomo iondolewe, na kitovu kipakwe ayodini, ila mengine yote yaachwe kwa ulimi wa mama.

La pili ni la malishoni. Kondoo akizalia mbugani mchana, mtoto mchungaji hufanya linaloonekana kuwa la busara: humbeba mwanakondoo begani na kutangulia naye nyumbani. Mama, ambaye macho na masikio yake bado hayajamjua mtoto huyu, hupoteza harufu mara mtoto anapoinuliwa juu, naye hurudi palepale maji ya uzazi yalipomwagika na kulia akizunguka, kwa sababu kwa pua yake mtoto bado yuko hapo. Mchungaji humwona kuwa mkaidi. Kumbe angembeba mtoto chini, karibu na usawa wa pua ya mama, akatembea polepole na kusimama kila mara ili mama anuse, wote watatu wangefika zizini. Na kama mvua haitishii na hakuna fisi wa karibu, ni afadhali zaidi kuwaacha hapo saa moja au mbili akiwepo mtu wa kuwatazama. Nchini Australia, ambako kondoo wa aina ya Merino hufahamika kwa kuondoka mapema mahali walipozalia, imeonekana kwamba mama anayebaki mahali hapo kwa takriban saa sita ana nafasi kubwa zaidi ya kumkuza mtoto wake, hasa wakiwa pacha.

Sasa tuje kwa mtoto, ambako ndiko maziwa yanapochukua nafasi yake ya haki.

Mwanakondoo anapozaliwa hamjui mama yake hata kidogo. Anachokijua ni mwelekeo. Hufuata kitu kikubwa kilicho karibu, husukuma pua yake chini ya tumbo lolote linalomwegemea, huvutwa na joto na ngozi isiyo na manyoya, na katika eneo la kinena kuna nta yenye harufu inayomsaidia kufika kwenye kiwele, jambo ambalo Margaret Vince alilichunguza nchini Uingereza miaka ya 1980. Mama naye husaidia kwa kujipinda na kusimama kwa utulivu. Yote haya yangeweza kutendeka kwa jike yeyote. Ukimweka mwanakondoo mwenye saa moja mbele ya majike wawili, mmoja akiwa mama yake, ataenda kwa yeyote aliye karibu.

Raymond Nowak na wenzake katika kituo cha utafiti cha Nouzilly, karibu na mji wa Tours nchini Ufaransa, walilipima jambo hili kwa njia rahisi. Waliwaweka mama na jike mgeni aliyezaa wakati mmoja naye kwenye pembe mbili za uwanja wenye umbo la pembetatu, wakamweka mwanakondoo kwenye pembe ya tatu, kisha wakahesabu muda aliokaa karibu na kila mmoja. Wanakondoo walionyonya kwa uhuru tangu kuzaliwa walikuwa wakimchagua mama yao wakiwa na umri wa saa 12. Wale ambao kiwele cha mama kilifunikwa kwa saa sita za mwanzo, ingawa walikaa naye muda wote huo, wakalambwa naye na kusikia sauti yake, hawakumchagua. Hapa ndipo nusu ya kweli ya jibu la mfugaji wetu inapothibitika: joto, ulimi na sauti ya mama havikutosha bila kunyonya.

Swali lililofuata ni lile ambalo mtu makini angeuliza mara moja: ni kunyonya kwenyewe kunakofanya kazi, au ni kile kinachoingia tumboni? Mwaka 1999 Anne-Pierre Goursaud na Nowak walieleza majaribio ambamo wanakondoo waliozuiwa kunyonya waliingiziwa dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, tumboni kwa mrija mwembamba, huku wakiwa pamoja na mama zao. Wanakondoo hao walijenga upendeleo kwa mama ingawa hawakuwa wamegusa chuchu yake. Kazi iliyofuata ya kundi hilohilo iligawanya jambo katika sehemu mbili, yaani dang'a yenyewe na kujaa kwa tumbo, na ikaonekana kwamba vyote viwili vina mchango. Shibe, basi, si matokeo ya mapenzi ya mtoto. Ni chanzo chake.

Njia ambayo shibe inafika kwenye kumbukumbu nayo imefuatiliwa kwa sehemu. Chakula, hasa mafuta na protini, kinapoingia kwenye utumbo mwembamba, kuta zake hutoa homoni iitwayo kolesistokinini. Kwa mnyama yeyote aliyekula homoni hiyo ni ishara ya kutosheka, na huwasiliana na ubongo kupitia neva ndefu inayotoka kwenye ubongo na kushuka kupitia shingoni hadi tumboni. Mwaka 1997 Nowak na wenzake waliwapa wanakondoo wachanga dawa inayozuia homoni hiyo isishike kwenye vipokezi vyake. Wanakondoo walinyonya, lakini walipopimwa baadaye hawakuonyesha upendeleo kwa mama. Tumbo lilikuwa limejaa, ila ujumbe wa tumbo haukufika. Tafiti za karibuni zaidi za kundi hilo zimeongeza oksitosini katika hesabu: kitendo cha kunyonya huiongeza katika mwili wa mwanakondoo, na ikizuiwa katika saa za mwanzo mtoto huchunguza mwili wa mama kidogo kuliko kawaida na huchelewa kumtambua. Inavutia kuona kwamba homoni ileile inayomfungua mama kwa njia ya uzazi humfikia mtoto kwa njia ya mdomo.

Picha inayopatikana ni hii. Mwanakondoo hukutana na mambo mengi yanayomzunguka kwa pamoja: harufu fulani, mlio fulani, umbo fulani. Mara kadhaa katika saa chache, mambo hayo hufuatwa na utamu wa dang'a, joto la tumbo na usingizi mzito. Ubongo mchanga huyaunganisha. Kesho yake, mlio uleule ukisikika kutoka ng'ambo ya zizi, mtoto hukimbilia upande huo. Mwishoni mwa siku ya kwanza na katika siku ya pili anaweza kumtambua mama kwa mbali kwa kutumia macho na masikio. Mama huwa amekwisha kumtambua hivyohivyo mapema zaidi, lakini yeye, hata baada ya kumtambua kwa sauti, humalizia kwa pua: kila mtoto anaponyonya mama hugeuza shingo na kumnusa chini ya mkia, na ni hapo uamuzi wa mwisho hutolewa.

Wasomaji waliosoma saikolojia watakumbuka kima wa Harry Harlow katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambao mwaka 1958 walitikisa fikra kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula. Watoto wa kima walipewa mama wawili wa bandia, mmoja wa nyaya mwenye chupa ya maziwa na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini asiye na kitu, nao walishinda wakimkumbatia yule wa kitambaa. Je, mwanakondoo anampinga Harlow? Sidhani. Mtoto wa kima hubebwa kifuani kwa miezi, na kushika manyoya ndiyo kazi yake ya kwanza. Mwanakondoo husimama kwa miguu yake siku ileile na hana cha kushika. Kila mnyama hufungwa kwa kile ambacho maisha yake yanamletea mara kwa mara katika siku za mwanzo, na kosa ni kuchukua matokeo ya mmoja na kuyavisha wote, wakiwemo binadamu. Ndiyo sababu sitajaribu hapa kutoa ushauri wowote kwa akina mama wanaonyonyesha watoto wao, ingawa najua wengine wangependa nifanye hivyo.

Saa sita hizo za mwanzo zina uzito mwingine usiohusu mapenzi moja kwa moja, ila unaambatana nayo. Kondo la nyuma la kondoo halipitishi kingamwili kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa hiyo mwanakondoo huzaliwa bila kinga ya kutegemea na huipata yote kwa kunywa dang'a. Utumbo wake huweza kufyonza kingamwili hizo zikiwa nzima kwa muda mfupi, vizuri zaidi katika saa sita za kwanza, na baada ya saa 24 hivi mlango huo huwa umefungwa. Dang'a pia ndiyo nishati inayofuata baada ya akiba ndogo ya mafuta ya mwilini kuisha, na husaidia kusafisha kinyesi cha kwanza. Kipimo kinachotumiwa sana ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa mlo mmoja, na jumla ya mililita 200 kwa kila kilo katika siku ya kwanza. Mwanakondoo wa kienyeji mwenye kilo 2.5 anahitaji basi takriban nusu lita. Mtoto aliyekosa kunyonya huanza kupoa. Wengi hudhani baridi si tatizo la Tabora, lakini mwanakondoo aliyeloa kwa mvua ya Januari usiku, au aliyezaliwa alfajiri ya Julai katika nyanda hizi za mita 1,200 hivi juu ya bahari, akiwa na tumbo tupu anaweza kushuka chini ya nyuzi joto 39 za kawaida yake, na akishapoa hata nguvu ya kunyonya humtoka. Hivyo asiyenyonya hupoteza kinga, joto na mama kwa mkupuo mmoja, na mara nyingi tunahesabu sababu moja tu kati ya hizo.

Mnyororo huu huanza hata kabla ya kuzaa, katika lishe ya mama. Mwezi wa Septemba na Oktoba, majani yanapokuwa makavu kabisa, kondoo mwenye mimba kubwa hudhoofika, naye aliyedhoofika hutoa dang'a kidogo na nzito isiyotoka kwa urahisi, humlamba mtoto kwa muda mfupi zaidi na huondoka upesi kutafuta chakula. Wenye ngitili, yaani eneo la malisho linalohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, wanajua kuitunza kwa ajili ya ng'ombe wa kukamua na maksai. Kwa maoni yangu kondoo waliobakiza wiki sita kuzaa wanastahili nafasi humo, na pale palipo na mashudu ya pamba, pumba za mpunga au majani ya karanga, kiasi kidogo kinachotolewa kwa wiki hizo kinarudisha faida kuliko kingi kinachotolewa baada ya mtoto kukataliwa.

Tukirudi kwenye zizi lenye tatizo, jambo la kwanza ni kujua ni upande upi umeharibika. Mama anayemnusa mtoto, akampiga kichwa na kumkimbia, ana tatizo la harufu au la utayari: huenda walitenganishwa, huenda mtoto aliguswa na mikono mingi au aliwahi kulambwa na jike mwingine aliyekuwa karibu kuzaa. Mama anayemlamba na kumwita mtoto kwa mlio wa chini lakini anaruka kila mtoto anapogusa kiwele hana tatizo la mapenzi. Kiwele kinamuuma, na pengine kina uvimbe au ni cha mzao wa kwanza kilichojaa kupita kiasi. Na mama anayesimama vizuri huku mtoto akizungukazunguka bila kunyonya, au akimfuata jike yeyote anayepita, anatuambia kwamba aliyechelewa ni mtoto. Kwa pacha mambo haya huchanganyika, kwa sababu mama hukariri harufu ya kila mtoto peke yake. Aliyezaliwa kwanza akitambaa mbali wakati wa pili anatoka, anaweza kurudi na kukuta nafasi imefungwa.

Pale mtoto anapochelewa, dawa ni dang'a ya mama yake mwenyewe, iliyokamuliwa ikiwa ya moto na kunyweshwa kwa chupa. Ni hapa ambapo majaribio ya mrija niliyoyaeleza yanatufaa. Kwa kuwa shibe humfunga mtoto kwa kile kilicho karibu naye wakati huo, mtoto anyweshwe akiwa kando ya mama, pua ya mama ikimfikia, si jikoni wala mapajani mwa mtoto wa nyumbani. Kama mama hana maziwa, dang'a ya mbuzi aliyezaa siku hiyohiyo inafaa. Kutumia mrija kunahitaji mkono uliofundishwa, kwa kuwa ukiingia kwenye njia ya hewa unaua. Aitwe ofisa mifugo.

Pale mama anapokataa, chupa haimsaidii yeye hata kidogo, kwa sababu tatizo lake halikuanzia kwenye maziwa. Kinachosaidia ni kumfunga kwenye kizuizi chembamba kwa siku kadhaa, ale na kunywa humo, na mtoto anyonye bila kupigwa, hadi harufu izoeleke. Kwa jike aliyefiwa, wafugaji wa nchi nyingi humvika yatima ngozi ya mtoto aliyekufa kwa siku chache, na kwa anayezaa wakati huohuo humpaka yatima maji ya uzazi yakiwa mabichi na kumweka mbele ya pua yake kabla mtoto wake mwenyewe hajamaliza kulambwa. Njia hii ya pili ndiyo yenye matumaini zaidi, kwa kuwa inautumia ule mlango ambao kuzaa kumeufungua, lakini inahitaji mtu awepo dakika ileile.

Anayebaki bila njia yoyote kati ya hizo hulelewa kwa chupa na watu, naye huwafuata watu, hulala mlangoni pao na huwalilia wanapoondoka. Mwanakondoo wa namna hiyo apewe wenzake wa umri wake mapema iwezekanavyo, na chupa ipelekwe zizini badala ya yeye kuifuata nyumbani, maana atakapoachishwa maziwa ni hao wenzake atakaochungwa nao.